Goti Linalia, Nyonga Ndiyo Mgonjwa

Haya niliyazungumza Jumamosi kwenye mkutano wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Moshi. Wengi hamkufika, wengine kwa sababu ya msiba wa Kibosho na wengine kwa sababu ya kahawa, mkaomba niandike. Nimeandika kama nilivyosema. Picha za ukutani nimeziacha, na mliokuwepo mnajua kwamba mashine yenyewe iligoma.

Wazee wangu, shikamoni. Mama zangu, shikamoni. Na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke, hamjambo?

Mwenyekiti amenipa nusu saa kabla ya hesabu za mikopo. Najua mnanitazama mimi huku akili ziko kwenye hesabu, kwa hiyo tuanze na kazi ya mikono. Yeyote anayeumwa sasa hivi mgongo, goti, bega, shingo au kiuno, anyooshe mkono. Na anayeshindwa kuunyoosha kwa sababu bega ndilo linalouma, anikonyeze tu, nitamhesabu.

Haya, naona ukumbi mzima. Sasa wale ambao maumivu yao hayajapita miezi mitatu, shusheni. Mbona haishuki? Basi mnafahamu tunazungumzia nini. Yakipita miezi mitatu, wataalamu duniani wanayaita maumivu sugu. Sasa swali ninalolitaka hasa: katika ninyi mliobaki, nani amewahi kuambiwa, akaelewa, kwamba chanzo cha maumivu yake ni hiki hapa?

Mikono mitatu. Na mmoja ni wa mzee wangu yule aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi, ambaye hakuhitaji daktari wa kumwambia.

Mnaona? Dawa tumemeza. Sindano tumechomwa. Mafuta ya kuchua tumemaliza chupa. Chanzo hatukijui. Mimi ni mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa kutibu maumivu kwa mazoezi na mikono, nimeifanya kazi hii miaka 19, na leo nimekuja na neno moja tu: panapolia si lazima ndipo panapougua. Mkilisahau jina langu sawa, hilo naomba msilisahau.

Mwaka juzi alinijia mama mmoja anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, mshare na mzuzu. Alikuwa anachechemea, na mkononi ana bahasha kubwa ya kaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha tatu za eksirei, zote za goti la kulia. Goti hilo lilikuwa limechomwa sindano mara nne. Akaniambia, "Mwanangu, goti langu limekauka ute." Hilo neno mnalijua. Hapa Moshi kila goti linalouma limekauka ute.

Nikaliangalia. Halikuvimba. Halikuwa na joto. Linakunja na kukunjuka vizuri kuliko la kwangu. Nikamuuliza, "Mama, kucha za miguu unakata mwenyewe?"

Akacheka kwa aibu. "Za mguu wa kushoto nakata. Za huu ananikatia mjukuu."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu yule mjukuu aanze darasa la tatu." Mtoto sasa yuko la tano.

Nikamlaza chali, mguu umenyooka. Nikaushika chini kwenye kifundo, nikauviringisha ndani na nje, kama anayesukuma chapati. Wa kushoto ukaviringika. Wa kulia ukagoma, na mama akanikamata shati. "Hapo hapo! Hapo ndipo goti linapouma!"

Jamani, goti sikuligusa. Nilichokizungusha ni nyonga.

Kukata kucha za miguu, kuvaa soksi, kupanda daladala kwa kutanguliza mguu mmoja tu, hizo ni kazi za nyonga. Nyonga yake ilikuwa imesagika, gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa, limeliwa, na miaka miwili nyonga hiyo imekuwa ikilia kwa sauti ya goti. Kwa nini? Kwa sababu mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga na ile inayohudumia goti ni ya ukoo mmoja. Wazee mnakumbuka enzi za simu moja ya dukani kwa kijiji kizima? Mtu wa mjini akipigiwa, anajua ni kijijini. Nyumba gani, hajui mpaka aulize. Ubongo nao unapokea habari hivyo hivyo.

Sindano nne zilipigwa kwenye nyumba ya jirani. Yule aliyezipiga simlaumu sana, aliambiwa goti, akatibu goti. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za kucha.

Na si nyonga peke yake. Moyo ukikosa damu, mtu anaweza kulalamikia mkono wa kushoto au taya. Kibofu cha nyongo kikiwa na mawe, bega la kulia linaweza kuuma. Shingo inaweza kupeleka ganzi mpaka vidoleni. Panapolia si lazima ndipo panapougua.

Sasa nigombane kidogo na Kiswahili chetu. Nakipenda, lakini kwenye jambo hili kimetuponza. Tuna jina moja: baridi yabisi. Yabisi ni kukauka, kukakamaa. Hapo sina ugomvi, viungo kweli vinakakamaa. Ugomvi wangu ni ile baridi. Mtu akishasikia baridi, amemaliza uchunguzi: ni hali ya hewa ya huku mlimani, ni kufua kwa maji ya mfereji alfajiri, ni kulala sakafuni. Nawauliza, Unguja hakuna baridi yabisi? Tanga hakuna? Kama baridi ndiyo chanzo, joto la Tanga lingekuwa hospitali tosha.

Baridi inaweza kumfanya mwenye ugonjwa ausikie zaidi, hilo sibishi. Lakini ndani ya jina hilo moja wanaishi wapangaji wengi, na kila mmoja ana kodi yake. Yupo kusagika kwa gegedu. Yupo ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuvila viungo vyake yenyewe. Yupo jongo. Ukimpelekea mpangaji mmoja notisi ya mwenzake, hatoki.

Tunawatofautishaje? Anza na saa ya asubuhi.

Nilikuwa na mgonjwa mwalimu wa darasa la pili, mama wa miaka kama 40. Vidole vyake vya mikono yote miwili vinaamka vimekakamaa. Chaki inamponyoka. Nguo anafua, kukamua hawezi, anazianika zikichuruzika maji. Nikamuuliza, "Vidole vinalegea saa ngapi?" Akasema, "Kengele ya mapumziko ikilia, angalau naweza kushika kikombe." Mapumziko ni saa nne! Huyu ameamka saa kumi na moja.

Hiyo si baridi. Kiungo kilichosagika kinakakamaa ukiamka, halafu ukitembea kama nusu saa hivi kinalegea, na kinakuja kuuma jioni baada ya kazi. Kiungo kinachoshambuliwa na kinga ya mwili kinakakamaa asubuhi zaidi ya saa nzima, tena kinapata nafuu kikifanya kazi, na mara nyingi ni viungo vidogo vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja. Nilimpeleka kwa daktari bingwa, akapimwa damu, akaanzishiwa methotreksati, dawa ya kuituliza kinga ya mwili, mara moja kwa wiki. Anafundisha mpaka leo. Lakini miaka mitatu alikuwa ananunua glavu za sufu kwa sababu ameambiwa ni baridi, na vidole viwili vilishapinda. Havirudi. Dawa hizo zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza kwenye miezi ya mwanzo, kabla kiungo hakijaharibika.

Jongo nipite haraka maana naona wanaume wameanza kuangalia viatu vyao. Dole gumba la mguu linavimba usiku, jekundu, hata shuka likiligusa unapiga kelele. Ni fuwele, chembe kali kama za chumvi, za asidi ya yuriki, ambayo ni taka ya mwili. Nyama choma na bia vinalichochea, ndiyo, lakini kwa wengi figo ndizo zinazoshindwa kuitoa, na wengine wamerithi. Jambo moja muhimu: ukipima damu siku ya shambulio, kipimo kinaweza kuonyesha uko sawa kabisa. Rudia wiki kadhaa baadaye likishatulia. Nimeona watu wakinyang'anywa ugonjwa wao kwa kipimo cha siku mbaya.

Sasa nije kwetu. Yale niliyosema yangeweza kusemwa popote. Haya ya sasa ni ya kwetu, Kilimanjaro, Arusha na Manyara.

Alikuja kijana wa kifugaji kutoka Simanjiro, mrefu, anatembea ameinama kama mzee. Kiuno, upande mmoja, kwenye kile kiungo kinachounganisha uti wa mgongo na nyonga. Miezi saba. Ameshatibiwa malaria mara tano. Mara tano! Nikamuuliza kwa nini malaria kama tatizo ni kiuno. Akasema, "Kwa sababu jioni napata homa, nalowa jasho, asubuhi niko mzima." Nikamuuliza anakunywa nini nyumbani. Akanitazama kama nimeuliza kama anavuta hewa. Maziwa. Mabichi? "Kwani kuna mengine?" Na mbuzi wake mwaka ule walitupa mimba wanane.

Hapo tena mfiziotherapia huna kazi ya mikono. Unaandika barua. Alipimwa, akakutwa na brusela, ugonjwa wa wanyama unaoingia kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma bila kinga. Alimeza antibiotiki za aina mbili kwa pamoja, na tiba yake ni wiki sita, siyo siku tano. Mazoezi nilimpa baadaye.

Mnadhani huyo ni wa pekee? Mwaka 2007 na 2008, kwenye hospitali mbili za mji huu huu, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya nusu, 528, waliandikiwa malaria. Vipimo vya kina vilipofanyika, waliokuwa na malaria ni 14. Nirudie? Kumi na wanne. Hao wengine wakakutwa na mambo mengi, na humo ndani kulikuwa na brusela, kulikuwa na homa nyingine zinazotoka kwa mifugo na panya, na kulikuwa na chikungunya.

Chikungunya nayo ina historia na sisi. Iligunduliwa hapa hapa nchini, kwenye nyanda za Wamakonde kule Newala, mlipuko wa 1952 na 1953, na jina lenyewe ni la Kimakonde, kwa maana ya kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyomkunja mtu. Mbu anauma, homa inapita kwa siku chache, lakini maumivu ya viungo yanaweza kubaki miezi, kwa wengine miaka. Kwa hiyo mtu akiniambia "viungo vinauma tangu Krismasi", nauliza, Krismasi ilikuwaje? Ulikuwa na homa? Na wa nyumbani walikuwa nayo? Ulisafiri pwani?

Halafu kuna maji. Wangapi hapa mna ndugu Meru, kule Usa River, Ngurdoto, Maji ya Chai? Mnawajua kwa meno. Meno ya kahawia. Tunawatania kwenye harusi. Lakini meno ni tangazo tu, bidhaa iko ndani. Ni floridi, inatoka kwenye miamba ya volkano ya mlima Meru na kuingia kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Vyanzo vingi vya kule vinazidi mara kadhaa.

Mzee mmoja wa upande huo aliletwa kwangu na binti yake. Shingo haigeuki. Akitaka kumtazama mtu aliye pembeni anageuka mzima mzima, kama kabati. Mgongo umenyooka wima, haukunjiki. Walikuwa wanasema ni uzee. Nikamwomba atabasamu. Alikuwa na meno manne, na hayo manne yaliniambia vya kutosha mpaka nikaomba picha. Mifupa yote ya uti ilikuwa myeupe, minene kuliko kawaida, na kano zake zimeanza kugeuka mfupa. Miaka 60 ya maji yale yale.

Kwa mzee huyo sikuwa na muujiza, mifupa ile hairudi nyuma. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na wajukuu sita wanaokunywa kisima kile kile, na hapo ndipo chanzo kilipokuwa na maana. Wakaweka mifereji kwenye bati na tenki la mvua kwa maji ya kunywa na kupikia. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa maji ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na mama zangu, kuchemsha hakuitoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, inakuwa kali zaidi. Na ule magadi mnaotia kwenye maharage na makande ili yaive haraka, nao mara nyingi una floridi. Naona nimewakosea wapishi. Samahani.

Sasa upande wa pili. Kuna wanaotafuta chanzo mpaka wanakipata kisichokuwepo.

Mgumu mmoja, kijana wa miaka 34 anayebeba mizigo mlimani, aliuza ng'ombe akapiga picha ya MRI ya mgongo. Ripoti ilisema diski, vile vimto vilivyo kati ya mifupa ya uti, zimechakaa na moja imetokeza. Aliyemsomea akamwambia, "Mgongo wako umekwisha." Maneno matatu. Alipokuja kwangu alikuwa hajambeba mwanawe miezi minne. Nikauliza mtoto ana kilo ngapi. Kilo 17. Huyu ni mtu ambaye mzigo wake unapimwa getini, kilo 20, anapanda nao siku tano halafu anashuka kwa njia ya Mweka mpaka magoti yanatetemeka. Anamwogopa mtoto wa kilo 17.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo kabisa. Hawaumwi! Wenye miaka 20, asilimia 37 diski zilikuwa na dalili za kuchakaa. Miaka 50, asilimia 80. Miaka 80, asilimia 96. Ni mvi za uti wa mgongo. Nikikupiga picha wewe mwenye mvi unayeumwa kichwa, nitasema mvi ndizo zinazokiumiza?

Nilimwambia aniandikie safari zake kwenye daftari. Ikaonekana: Aprili na Mei, mvua, wageni hakuna, amekaa nyumbani wiki saba anacheza bao. Mwanzoni mwa Juni, simu, safari tatu mfululizo bila kupumzika. Mwaka wa kabla yake, hivyo hivyo. Na kila mwaka mgongo unakamata kwenye safari ya tatu. Daftari la shilingi mia tano lilituonyesha kitu ambacho picha ya ng'ombe mzima haikukionyesha. Sasa ikifika katikati ya Mei anaanza kutembea na ndoo ya mchanga, nusu, robo tatu, halafu imejaa. Alianza na mtoto, kwa kweli. Mtoto ndiye aliyekuwa mzigo wa kwanza.

Msinielewe vibaya nikadhaniwa napinga picha. Niwaeleze la kwangu mwenyewe, ambalo silipendi.

Miaka ya nyuma alikuja dereva wa bodaboda, miaka 26, mgongo wa katikati. Nilimuuliza anaendesha saa ngapi kwa siku. Akasema kumi na nne. Nikaona nimemaliza. Bodaboda, barabara mbovu, saa 14, chanzo hicho hapo! Nikampa mazoezi. Wiki ya pili hakuna nafuu, nikamwambia avumilie. Wiki ya nne suruali yake ameifunga kwa kamba, nikamtania kwamba mke hampikii. Nilimtania. Wiki ya sita akaja ameshikiliwa, miguu imelegea, na mama yake ndiye aliyesema, "Usiku analowanisha shuka kwa jasho tangu Pasaka."

Kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hakuwa na kikohozi hata kidogo. Alitibiwa, dawa za kifua kikuu nchini ni bure, na baada ya miezi mingi alitembea tena, kwa fimbo. Bado ana fimbo. Tunakutana pale stendi, ananisalimia vizuri kuliko ninavyostahili.

Mimi nilikuwa na chanzo mkononi, kizuri, kinaeleweka, na ndicho kilichoniziba macho. Tangu siku ile kila mgonjwa wa mgongo namuuliza, hata kama ananiona mjinga: unapungua? Unatoka jasho usiku? Maumivu yanakuamsha hata ukiwa umelala tuli? Miguu inalegea? Mkojo unashindwa kuushika? Sehemu za kukalia zina ganzi? Likijibiwa ndiyo hata moja, huyo haanzi mazoezi, anamwona daktari kwanza. Na miguu ikilegea, au mkojo ukikataa, au kiungo kimoja kikivimba ghafla na kuwa cha moto pamoja na homa, ni siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya harusi ya mwanao.

Nina jambo moja limebaki, na ni gumu kulisema bila kumkosea mtu.

Nyumbani kwetu tuliwahi kuibiwa. Waliruka ukuta, wakachukua pikipiki. Mbwa wetu kabla ya hapo alikuwa mstaarabu, mgeni akija anabweka mara mbili, basi. Baada ya wizi, jani la mgomba likianguka anabweka. Paka akipita anabweka. Mimi mwenyewe nikienda chooni ananibwekea. Mwizi hayupo, lakini kubweka ni kwa kweli kabisa, na hakuna anayelala.

Wapo watu ambao mwili wao umefika hapo. Jeraha lilikuwepo, likapona, lakini mfumo wa fahamu umebaki macho. Kuguswa tu kunauma. Vipimo safi. Wanaambiwa, "Huna ugonjwa, unajifanya." Si kweli, hawajifanyi! Mama mmoja alianza kuumwa mwili mzima mwezi ambao mumewe alizikwa, na kwa mwaka mzima hakuna aliyemuuliza analala saa ngapi. Alikuwa analala saa tatu. Usingizi mbovu, majonzi, hofu ya ada, vyote vinamwamsha yule mbwa. Na hapo chanzo hukipati kwa kupiga picha nyingine. Alianza kutembea dakika kumi kwa siku, akatafutiwa mtu wa kuzungumza naye, usingizi ukatibiwa kama ugonjwa. Haikuisha yote. Ilishuka mpaka akarudi kwaya.

Dawa za maumivu, kwa kifupi tu maana mwenyekiti anaangalia saa. Diklofenaki si pipi. Baba yangu mdogo alikuwa anainunua dukani bila cheti, kila siku, juu ya dawa za presha, miaka minne, na figo zikachoka. Kule India waliwapa ng'ombe dawa hiyo hiyo. Ng'ombe wakifa, tumbusi wanakula mizoga, na figo za tumbusi zikafa. Zaidi ya asilimia 95 ya tumbusi wa aina kadhaa walitoweka kabla sababu haijajulikana mwaka 2004. Binadamu si tumbusi, najua, lakini kila nikiuona ule mstari wa watu kwenye dirisha la duka la dawa nawakumbuka. Na ile dawa ya asili ya unga inayoponya maumivu ndani ya saa moja, iulizeni imechanganywa na nini. Nyingine zimekutwa na dawa za steroidi ndani, na hizo ukizimeza kwa muda mrefu zinaila mifupa yenyewe.

Kwa hiyo siku mtakapokuja, kwangu au kwa mwingine, msije na neno "goti" peke yake. Njooni na habari. Lilianza lini, na mwezi ule kulitokea nini? Asubuhi linalegea saa ngapi? Kitu gani ulikuwa unakifanya mwaka jana ambacho leo unafanyiwa na mjukuu? Maji ya wapi, maziwa ya aina gani? Leteni dawa zote kwenye kikapu kimoja, pamoja na zile za mitishamba mnazoficha. Sitagomba.

Yule mama wa ndizi alifanyiwa upasuaji, akawekewa nyonga mpya. Mwezi wa nne baadaye alikuja bila miadi. Hakusema neno, alivua kandambili, akakaa kwenye kiti changu, akapandisha mguu wa kulia juu ya wa kushoto, akanionyesha kucha. Amepaka rangi.

Nimezidisha dakika tano. Namuona mama yangu pale nyuma mwenye kitenge cha njano, amenyoosha mkono tangu nilipotaja magadi. Mama, karibu uulize. Lakini simama kwanza, jinyooshe kidogo, umekaa muda mrefu. Na wengine wote pia, simameni.